Harufu ya Kuungua Karakanani kwa Bi Zuwena

Bi Zuwena aliniita, mimi fundi umeme, kwenye karakana yake ya useremala, Kikwajuni. Mashine ya kuranda imegoma, na hoteli ya Matemwe inangoja milango. Nilikwenda moja kwa moja kutoka sala ya Ijumaa, na kanzu yangu, maringo tele.

Nikafungua kidhibiti cha mwendo wa mota ya mashine, nikaweka pasi yangu ya kulehemu, ya moto, kwenye kigoda nyuma yangu, nikainama kuunga waya. Mara harufu ya kuungua.

"Kidhibiti kishakufa, Bi Zuwena. Kinaungua ndani."

"Lakini umeme wa mashine si tumeuzima?"

"Moto wa ndani hauhitaji umeme," nikamjibu kitaalamu.

Maseremala wakaangua kicheko. Bi Zuwena akajiziba macho kwa kanga.

"Geuka, mwanangu. Inayoungua ni kanzu yako, na bukta ya maua tunaiona sote."