Dawa ya Dume Langu

Shule sikukaa, lakini ng'ombe ninao na nyumba nimejenga mwenyewe. Sasa miezi kadhaa chumbani nashindwa, sielewi kwa nini, na mke kaanza kufungasha. Nivue suruali mbele ya binti wa zahanati? Siwezi. Nikamwendea bwana mifugo hapa Ihumwa, nikamwambia dume langu limegoma kupanda.

"Shikamoo mzee. Linakula?"

"Marahaba. Linakula."

"Maji?"

"Linakunywa kupita kiasi, na usiku linaamka kukojoa kila mara."

Akanikazia macho. Nikachanganyikiwa, nikawa najibu tu.

"Majike yana shida?"

"Jike ni moja. Limenuna, linasema litarudi kwao Kondoa."

Kijana akarudisha sindano mkobani. "Baba, usingoje tena. Dume hili lipande bodaboda leo, likapimwe sukari hospitali ya watu."