Mama Nick na Gari la Watu

Huku Dubai mtu hapigi picha na kitu chake. Anapiga na gari la mgeni, na chemchemi ya hoteli, na duka la dhahabu huku mlinzi akimkodolea macho. Bingwa wetu alikuwa Everlyn, Mkenya wa Vihiga niliyekaa naye chumba kimoja Bur Dubai. Kazi yake ilikuwa kusafisha vyumba hotelini, lakini kwa picha zake ungedhani hoteli ni yake na sisi wengine ni wapangaji.

Ile ya gari jekundu aliipenda kupita zote. Alimtumia mama yake, aliyekuwa akimlelea wanawe, Nick na dada yake, na bibi huyo akaitundika ukutani. Mwaka 2007 watu wa mradi uliokuwa ukiwapa watoto maskini fedha kila mwezi wakapita kukagua nyumba. Wakaiona. Watoto wakafutwa kwenye orodha siku hiyohiyo.

Bibi akapiga simu. "Wanasema mama yao ni tajiri. Ati ukirudi ukae bila kazi, watawaangalia tena."

"Kwa hivyo niache kazi ndio tuwe maskini?" Everlyn akauliza.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini akishamlipa wakala na kodi ya kitanda, alichotuma nyumbani kilitosha chakula tu. Ada ya shule na dawa za pumu za Nick zilitoka kwenye ule mradi. Bila huo, angelazimika kufunga mizigo.

Nikamshauri apige picha ya ukweli, na jirani yetu Onesmus, aliyekuwa anakwenda likizo Kenya, aipeleke. Akakubali. Nashika kamera, nageuka, mwenzangu ametandika shuka la satini la Harriet, mwenzetu wa kitanda cha juu, amevaa hereni, na midomo kaipaka rangi!

"Mama Nick, hii picha ni ya kuomba au ya kuposwa?"

"We Auleria, siwezi kuonekana ovyo. Kwenye hiyo kamati ya mradi kuna mwalimu wangu!"

Hasira zikanipanda. Nikalivuta shuka. "Khalas, basi! Leo unapigwa ulivyo."

Akafuta midomo, akakaa kwenye kitanda chake cha chini, juu ya mbao zilizofunikwa blanketi tu. Magoti yaligusa sanduku, na miguu ya Harriet ilining'inia karibu na sikio lake. Hakutabasamu. Nilipobonyeza, nadhani mimi ndiye niliyeona aibu zaidi.

Kamati ikawarudisha watoto. Tukashangilia, tukamwita maskini mwenye muhuri. Mama yake alipopiga, Everlyn akaweka spika ili sote tusikie shukrani.

"Everlyn," bibi akasema, "mwezi huu usitume kitu. Na ujao pia. Tutajibana na hiyo ya watoto. Wewe nunua godoro."

Hakuna aliyecheka. Harriet aliteremka kitandani akatoka nje.

"Godoro liko, mama," Everlyn akajibu. "Ni vile tu siku hiyo nilikuwa nimelianika."