Landrova Iliyonukia Pilau Siku ya Ijumaa Kuu

Ngoja nijicheke mwenyewe kwanza, maana nikiwaachia nyinyi mtanimaliza. Aibu hii ilinipata Kishanda, kule Muleba, miaka ile ya ujamaa, mbele ya waumini wa kigango kizima na mbele ya mtu niliyekuwa namwomba binti yake.

Nilikuwa nakaa Hamugembe, nina Landrova kuukuu niliyoachiwa na baba mdogo (yeye aliinunua enzi kahawa inalipa, mimi nikairithi enzi kahawa hailipi na gari halitembei). Kutu ilikuwa imeila ekzosi hadi inakohoa. Spea niliagiza Dar es Salaam, zije kwa treni hadi Mwanza halafu kwa meli hadi Bukoba, na kila nikienda bandarini naambiwa, "Bado, ndugu, subiri meli ijayo," mpaka mlinzi akawa ananijibu kabla sijafungua mdomo.

Sasa baba wa binti huyo Adelina, Ta Laurian (Ta au Tata ni baba kwa Kihaya, Ma ni mama), alikuwa katekista, mtu mkali asiyecheka hata siku ya harusi. Alikuwa hajanikubali wala hajanikataa. Akaniagiza nimpelekee msalaba mkubwa uliochongwa mjini, ufike Ijumaa Kuu kabla ya ibada ya saa tisa. "Ukifika tutaongea habari za Adelina," alisema. "Usipofika, kaa huko huko."

Basi, spea hazijafika, nikafungua vyuma vyote vya zamani vya gari, nikavimwaga uani, nikavisugua kwa mchanga, majivu na malimau (vidole vikachubuka, limau likaingia kwenye michubuko, nikacheza ngoma peke yangu) mpaka vikang'aa. Lakini chuma kilichosuguliwa usipokipaka kitu kinashika kutu tena, na grisi madukani ilikuwa imebaki jina. Ndipo jirani yangu Mama Zuhura, aliyekuwa ametoka kuozesha binti, akachungulia uani kwangu.

"Mwanangu, mafuta si mafuta? Chukua haya yaliyobaki kwenye sufuria la pilau."

Mafuta ya ng'ombe, meupe, yameganda, ndani yake vitunguu na iliki. Nikaona nimepata grisi ya bure! Nikapaka ekzosi, nikapaka injini, nikapaka hata pasipohitaji, nikafunga kila kitu mahali pake, nikalala usingizi mzito kama mtu mwenye akili.

Ijumaa nikapakia msalaba nikaondoka. Nilipopita Kemondo injini ikapata moto, na harufu tamu ikaingia ndani ya gari. Nikawaza, nani huyu anapika pilau Ijumaa Kuu, watu hawana haya! Kijiji cha pili, harufu ile ile. Nikasikitika sana kwa imani ya watu wa Muleba. Nilipotazama nyuma nikakuta mbwa wananifuata kwa mbio, ulimi nje, ndipo nikaelewa kwamba pilau ni mimi.

Kurudi siwezi, msalaba unasubiriwa. Nikakaza mwendo hadi Kishanda, na huko nikakuta waumini wako kwenye Njia ya Msalaba, wamejaza barabara nyembamba katikati ya migomba, wamefunga tangu asubuhi na nyama ni mwiko siku hiyo, na mimi niko nyuma yao natambaa, upepo unawapelekea kila kitu. Wimbo wa majonzi ukaanza kulegea. Mama mmoja akameza mate katikati ya ubeti. Ta Laurian akainua mkono, wimbo ukakatika, akaja hadi dirishani kwangu.

"Umebeba nini?"

"Msalaba, Tata."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine, waitu," nikajibu kwa heshima ya Kihaya.

"Unaniletea nyama kwenye Njia ya Msalaba?"

Wakanipekua. Chini ya viti, kwenye boksi la spana, hadi chini ya kitambaa kilichofunika msalaba. Adelina alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, sijui analia au anacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ni ekzosi, Tata," nikasema.

"Ekzosi ina iliki?" akauliza bibi mmoja, Ma Paskazia, kwa sauti ya kufika mbali.

Nikafungua boneti. Mvuke ukapanda, watu wote wakavuta pumzi kwa pamoja. Ta Laurian, asiyeamini neno langu, akapitisha kidole pembeni ya injini, ambako mafuta yalikuwa hayajaungua, akakitazama, akakinusa, na halafu (naapa sikumshawishi) akakilamba.

"Chumvi imekolea, katekista?" akauliza Ma Paskazia.

Jamani! Watu waliangua kicheko mpaka wakashikana mabega, Ijumaa Kuu hiyo, na mimi nikajikuta nacheka huku jasho linanitoka kwa hofu, maana niliona Adelina ndiyo basi tena. Ta Laurian hakucheka. Aliwaamuru vijana washushe msalaba, akarudi mbele, akaanzisha wimbo upya kwa sauti ya ukali.

Baada ya ibada akanivuta nyuma ya nyumba yake.

"Kijana, pale barabarani uliona nini?"

"Sikuona kitu, Tata."

"Hukuona kidole?"

"Kidole gani, waitu?"

Akanitazama sana. "Pasaka ikipita," akasema, "walete wazee wako."

Nikampata mke hivyo, lakini kiapo nimekiweka: mafuta ya kupikia yakae jikoni, na Ijumaa Kuu naenda kanisani kwa miguu.