Pale Simu Ilipokwama

Mjukuu wangu alipoanza kuhifadhi sura ya Kurani, nilimwondoa kwa mwalimu wake, mama wa hapa hapa Mazwi anayefundisha wasichana barazani kwake. Kila mtoto hukaa mbele yake akasoma, naye husikiliza. Zamu zilichelewa, na baridi ya Sumbawanga mnaijua. Nikatangaza nyumbani kwamba dini imetuamuru kutafuta elimu, na mimi nimeshaipata: imo kwenye simu, na msomaji wake ana sauti nzuri kuliko mtu yeyote wa Ufipa.

Mtoto alihifadhi upesi. Nikachinja mbuzi, nikaalika ndugu na majirani. Mwalimu naye nilimwalika. Nilijiambia ni adabu, ilikuwa kujionyesha.

Mtoto alianza vizuri. Katikati ya aya akakata neno, akanyamaza, akatazama dari, kisha akarudi nyuma na kuendelea. Mbele kidogo akakata tena. Shangazi yake akaanza kumnong'oneza.

"Sijasahau, shangazi. Hapa ndipo pa kunyamaza."

"Nani kakwambia?"

"Simu ya babu."

Ile rekodi niliitengeneza mwenyewe. Niliweka simu yangu kando ya simu ya mwanangu, nikarekodi sura ikisomwa mtandaoni. Mtandao ulipokwama nilisubiri, simu yangu ikiendelea kurekodi, kisha nikarudisha nyuma kidogo. Sikuona tatizo.

Wageni walicheka hadi machozi. Mtoto hakugusa nyama. Alisema hatasoma tena mbele ya mtu.

Kesho yake nilimpeleka barazani. Ilibidi nimbembeleze njia nzima.

"Mwalimu, nimekosea," nikasema.

"Mbuzi alikuwa mtamu, mzee," akajibu. Akamgeukia mtoto. "Lete hiyo simu ya babu, tusikilize."

Wakasikiliza. Kila ilipokwama, mwalimu aliinua kidole. Mara ya kwanza mtoto aliinamisha kichwa. Baadaye akawa anainua kidole kabla ya mwalimu.

"Msomaji hana kosa, muendelee kumsikiliza," mwalimu akasema. "Lakini yeye hakusikii, mwanangu. Umehifadhi kila kitu, hata mtandao. Haya, nisomee mimi."

Akasoma, kwa sauti ndogo. Alipofika pale, akavuta pumzi, akapita.

Nikainuka niwahi dukani kwangu.

"Kaa, mzee. Wewe mara ya mwisho ulisikilizwa na nani?"

"Marehemu baba."

"Basi anza."

Nikakaa mkekani, nyuma ya mjukuu wangu. Sikufika mbali. Mtoto aliinua kidole.