Kadi Nyekundu Juu ya Cherehani ya Trajanka

Blaguna hakuwahi kuvaa nguo bila kuigeuza nje ndani na kuupitia kila mshono kwa kidole gumba. Hata suti aliyozikwa nayo mumewe aliikagua hivyo, waombolezaji wakimngoja mlangoni.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashati mjini Štip. Akikuta kola imepinda, hakupiga kelele. Alilikunja shati, akapita nalo kati ya cherehani kama anayekwenda kunywa maji, akalidondosha mapajani mwa aliyelishona. "Limekukumbuka hili," alinong'ona, na mwenzake akacheka huku akifumua. Shati bovu halikutoka, wala mtu hakuaibika.

Kisha akaja meneja Kiril na boksi la kadi nyekundu. Anayekosea, kadi itundikwe juu ya cherehani yake mpaka jioni, wote waione.

Blaguna alimrudishia boksi lake. "Mimi nakagua mashati, bwana mkubwa. Watu wanakaguliwa na Mungu."

Meneja akamgeukia Ratka, msimamizi wa washonaji. Ratka alikuwa na miezi minne tu katika cheo hicho, na alikipenda. Akazichukua kadi.

Kadi ya kwanza ilimwangukia Trajanka, mama aliyeanza kufifia macho, ambaye ndiye aliyemfundisha Ratka kushona. Ratka alipanda kigoda, akaitundika. Trajanka hakuinua kichwa. Ijumaa hiyo mkate wa pilipili aliozoea kuwagawia wenzake haukutoka kwenye mfuko wake. Ijumaa iliyofuata hakuuleta kabisa, na kila mtu alikula peke yake, amegeukia ukuta.

Blaguna naye akabadilika. Akawa anayapiga mashati muhuri wa kupita bila kutazama, pa, pa, pa.

"Shangazi, kola hii imepinda," Ratka alimwambia.

"Imepinda?"

"Si unaona mwenyewe?"

"Macho ninayo, mwanangu. Nikiiona, leo nani alie? Kama kadi unaitaka sana, kigoda chako kile pale."

Wanawake wa karibu walicheka kicheko kikavu. Ratka akaona haya, akaenda zake. Siku ile angeweza kuzichana kadi zote, na alijua hivyo. Hakuzichana.

Theluji ilipoyeyuka, mzigo mzima ulirudishwa na wanunuzi wa Ujerumani. Meneja alimfukuza Blaguna. Alivua aproni, akaikunja, akatoka. Wiki hiyohiyo Trajanka akaacha kazi mwenyewe, amebakiza miezi saba apate pensheni.

Mwezi wa tisa wenye kiwanda walimwondoa Kiril, wakamtuma Ratka akamrudishe mkaguzi wao. Alimkuta uani kwake akichoma pilipili za kuhifadhi kwa majira ya baridi, moshi umemjaa machoni.

"Kiril kaondoka, shangazi. Kadi nimezichoma. Rudi, kazi imeharibika, hata salamu hatupeani."

Blaguna alimjibu kwa upole. Alilomtaka afanye halikuwa zito, mtu mwingine angelifanya siku hiyohiyo. Mara tatu Ratka alifika kwenye lango aliloelekezwa, mara tatu akarudi nyumbani. Januari, homa ya mapafu ikamchukua Blaguna, na meza yake ingali tupu. Ratka hakupata kusikia kwake neno jingine baada ya lile la siku ya pilipili:

"Nitarudi, mwanangu. Nenda kwanza kwa Trajanka, ukae naye, unywe kahawa yake. Kesho yake utanikuta kazini."