Kikombe cha Msumarini

Babu yangu alipokubali kuja kuishi nami Migori, alikubali nusu nusu. Alisema atakuja kuonja kwanza, akiona maisha ya mjini yanashuka kooni atabaki, yakimkwama atarudi kwake Kosele. Bibi alikuwa ameshatutoka. Mguu wa babu wa kushoto ulikuwa unavimba kila jioni, na pale nyumbani hakubaki mtu wa kumchemshia hata maji ya kuoga. Ukoo ulikaa, ukaamua asiachwe tena peke yake, nami nikadakia kabla mwingine hajafungua mdomo. Mzee huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Nilitaka amalizie uzee wake kwangu, mahali ambapo akiita usiku kuna wa kuitika.

Tena, niseme ukweli, nilitaka aione nyumba yangu.

Mimi ni muuza vyombo. Dukani kwangu utapata hotipoti, chupa za chai, birika za umeme, pasi, vikombe vya udongo mweupe vyenye ukingo wa dhahabu, na takataka nyingine nyingi ambazo mtu hajui anazihitaji mpaka azione kwa jirani. Napenda vitu. Ugonjwa huu niliupata kwa babu mwenyewe, kwa sababu enzi za ukoloni alikuwa mpishi wa afisa mmoja wa kilimo huko Kisii, na yule Mzungu alipofunga virago kurudi kwao alimwachia vyombo kadhaa. Nimekua navyo. Kulikuwa na kabati la wavu la kuwekea nyama ili nzi wasiiguse, taa ya karabai iliyonguruma ikiwaka, pasi ya makaa yenye jogoo wa chuma kwenye komeo lake, sinia la fedha lililoanza kuwa jeusi, na kengele ndogo ya shaba ya kuweka mezani. Na kulikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, ambacho hakuna mwingine aliyekinywea.

Watoto wa jirani walikuja kuchungulia ndani ya lile kabati, nami nikawatoza embe bichi kwa kila macho mawili. Niliwaambia sisi tumebakiza kidogo tu tuwe Wazungu. Kitu kimoja tu kilinikera: kengele haikulia. Kile chuma cha ndani kinachogonga hakikuwepo. Nilidhani kimepotea, mpaka siku bibi aliponiambia kwamba babu aliking'oa mwenyewe kwa koleo, jioni ileile alipoileta kengele nyumbani. Sikuuliza kwa nini. Mtoto haulizi kila kitu, na nilipokuwa mkubwa nilikuwa nimeshasahau.

Basi babu akaja, na mimi nikamtembeza nyumba nzima kama ninamuuzia. Nilimfungulia friji, akaingiza mkono, akautoa haraka na kusema hili ni kabati la wavu lililoshikwa na homa. Nilimwonyesha taa ambazo hazihitaji mafuta, wala kubadilishwa utambi, wala kupigwa pampu. Alizitazama kwa huruma. Pasi ya umeme aliipima mkononi akauliza kitu chepesi hivi kitanyoosha nini. Akanieleza alivyokuwa akiipunga ile ya makaa hewani ili majivu yatoke, halafu anaigusa kwa kidole chenye mate kujua moto umefika wapi, kwani cheche moja kwenye shati jeupe la bwana ingemwondoa kazini.

Sisi ni Wasabato, na nguo za kanisani hunyooshwa Ijumaa kabla jua halijatua. Ijumaa moja umeme ulikatika saa kumi, ukarudi giza limeshaingia. Tulikwenda kanisani na makunyanzi yetu, na babu alicheka njia nzima. "Mke wangu," alimwambia mke wangu, maana ndivyo babu zetu wanavyowatania wake za wajukuu, "ungeolewa na mimi ungekuwa umenyooka." Nilifurahi kumsikia anatania. Nilijiambia uji umeanza kushuka kooni.

Kile kikombe cha bati alikuwa amekileta ndani ya mfuko wake, kimezongwa na fulana. Nilimcheka. "Kwara," nilimwambia, yaani babu yangu, "hapa umekuja kwenye bahari ya vikombe." Nikakiweka chini kabisa kwenye kabati la jikoni, nyuma ya masufuria, nikampa kimoja cha ukingo wa dhahabu.

Hapa inabidi nimtaje mtu mwingine wa nyumba yetu. Tulikuwa na msichana wa kazi. Nasema msichana kwa mazoea tu, kwa sababu ni mama wa makamo, Mkuria wa upande wa Kehancha, anamzidi mke wangu umri na tayari ana mjukuu. Watoto wetu walimwita anti. Sisi wakubwa, tukizungumza na wageni, tulisema "msichana." Tulimtendea vizuri. Hilo ningeapa mbele ya kanisa zima. Hatukumpigia kelele, akiugua tulimpeleka hospitali, na Krismasi alikwenda kwao na mzigo wa maana.

Alikuwa na kikombe chake. Kilikuwa cha plastiki, cha zambarau, kilichopasuka mkono kikiwa safarini kuja dukani, na kwa kuwa hakiuziki nilikileta nyumbani. Kilining'inia kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni, juu ya sahani yake ya rangi hiyohiyo. Msumari niliupigilia mimi. Hakuna aliyewahi kumkataza kutumia vikombe vyetu. Hakukuwa na haja. Kila nyumba katika mtaa wetu ina kikombe cha namna hiyo, na ungeniuliza sababu ningekwambia ndivyo watu wanavyoishi, halafu ningekuona wewe ndiye mwenye maswali ya ajabu.

Tulikuwa pia na kengele. Si ya shaba, ya umeme, zile zenye kitufe kidogo kisicho na waya. Watu huzifunga getini. Mimi, kwa akili zangu za biashara, niligundua kwamba kitufe kikiwa sebuleni na kengele ikiwa jikoni, mtu hahitaji kupaza sauti kuagiza chai. Kupaza sauti si ustaarabu. Niliwaonyesha wateja ujanja huo na kengele zikaniishia.

Jumasabato hiyohiyo ya makunyanzi, baada ya ibada, tulipata wageni, wenzangu wa kanisani na wake zao. Niliwaita makusudi wamwone babu, na babu aone ninavyoheshimiwa. Alikaa kwenye kiti kikubwa, mguu wake juu ya kigoda, anasikiliza mazungumzo huku anasinzia. Nikabonyeza kitufe. Kule jikoni kengele ikalia, sauti nyembamba, ting, ting.

Babu akasimama.

Sijui niseme alisimama vipi, maana siku hizo alikuwa anahitaji kushikwa mkono. Alisimama wima bila kushikwa, akavuta shati lake likae sawa, akatembea kwenda jikoni. Nilidhani anatafuta choo. Baada ya muda mfupi alirudi amebeba trei ya chai kwa mikono miwili, taulo la jikoni liko kwenye mkono wake wa kushoto, na mama wa kazi anamfuata nyuma na uso umemshuka, hajui ashike nini. Babu aliwapitia wageni mmoja mmoja, akimwinamia kila mtu kutoka upande wa kushoto. Alipofika kwangu aliinama vilevile. Hakunitazama machoni.

Wageni walicheka sana. Walidhani mzee anatuchezea mchezo wa zamani. Mwenzangu mmoja alipiga makofi, akasema leo tumehudumiwa kikoloni. Nami nilicheka. Nikichukua kikombe changu kutoka kwenye ile trei nilikuwa bado nacheka. Mpaka leo, katika mambo yote ya siku ile, kicheko changu ndicho kinachonichoma zaidi.

Wageni walipoondoka nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Alikuwa ameshakaa, anausugua mguu wake. "Mguu uliinuka wenyewe," alisema. Akaomba maji, nami nikaenda kumletea mwenyewe, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa geni.

Jumatatu asubuhi nilirudi kutoka dukani kuchukua funguo nilizosahau. Nikapita mlango wa nyuma. Babu alikuwa amekaa barazani kwenye mtungi wa plastiki uliopinduliwa, na kando yake, juu ya ngazi, mama wa kazi. Wanakunywa chai. Mama alikuwa ameshika kikombe cha ukingo wa dhahabu nilichompa babu, na babu alikuwa na kile chake cha bati. Mama aliponiona aliruka kusimama, akakificha kikombe nyuma ya mgongo wake, chai ikamwagikia kisigino chake. Mtu mzima, mwenye mjukuu, anaficha kikombe kama aliyeiba. Nilitamani ardhi inimeze.

"Keti, mama, chai ni moto," babu alimwambia. Kisha akanigeukia mimi. Kwa kawaida tunazungumza Kijaluo, lakini asubuhi hiyo alisema Kiswahili, kile chake cha jikoni, ili naye asikie. "Hii kikombe nilikuwa natafuta tangu nifike. Umeficha chini ya sufuria."

"Sikuficha, Kwara. Nilitaka utumie kizuri."

"Kule Kisii pia ilikuwa kwa msumari. Nje ya mlango, hapa hivi." Alionyesha kwa kidole, na kidole kiliishia pale pale nilipopigilia mimi. "Ile memsab, mke ya bwana, hakuwa mbaya. Usifikiri alikuwa mbaya. Bibi yako akizaa baba yako, alituma sukari na blanketi. Mimi nikipata malaria, yeye mwenyewe ananiletea dawa kwa nyumba. Mama mzuri sana." Alikunywa kidogo. "Lakini kikombe ilikaa nje."

Nilikitazama kile cha zambarau pale msumarini.

"Na wewe pia uko mzuri, nyakwara," alisema, akiniita mjukuu wake. "Huyu mama ameniambia. Kila kitu unampatia. Uko mzuri tu kama ile memsab."

Hakusema kwa kejeli. Ningejua, kwa sababu kejeli zake nimezila tangu utotoni. Alinisifu kwa moyo wake wote, mbele ya mtu niliyemwekea kikombe kilichopasuka, na sijawahi kusikia tusi lililonifika kama sifa ile. Nilichukua funguo zangu nikarudi dukani. Nilikaa nyuma ya meza yangu nimezungukwa na vikombe vya kila rangi, na mteja wa kwanza aliyeingia nilimwambia bei ya kitu ambacho hakuuliza.

Jioni niling'oa msumari. Nilitupa kile kikombe na sahani yake, nikatoa betri kwenye kengele, nikamwita mama wa kazi nikamwambia, mbele ya mke wangu na watoto, kwamba kuanzia leo atumie chombo chochote akitakacho. Alisema asante, baba. Wiki nzima sikumwona akinywa chai. Ndipo mke wangu akaniambia anakunywa kwa kopo la majarini, amesimama, sisi tukiwa hatupo. Nilikasirika. Nilikuwa nimeshajiandaa kushukuriwa, unaelewa, na huyu mama ananinyima nafasi. Hasira ile nayo naionea aibu.

Babu hakusema lolote juu ya msumari. Mwisho wa wiki hiyo alikunja nguo zake, akakizonga kikombe chake ndani ya fulana, akasema nimpeleke Kosele.

Nilimbembeleza. Mke wangu alimbembeleza, hata watoto walimshika miguu. Nilimwambia nimebadilisha mambo, na kama kuna kingine aseme. Nilimwambia kule hakuna mtu, mguu utamwangusha, siku moja tutavunja mlango. Alisikiliza yote, akinitikisia kichwa kwa upole, kisha akauliza kama gari lina mafuta.

Tulipita Rongo. Yeye alikuwa anatazama mashamba ya miwa, mimi natafuta maneno. Tulipoingia kwake, kabla hajashuka, nilizima gari nikamuuliza waziwazi kwa nini hawezi kukaa nami. Nililia kidogo, sitaficha. Nilimwambia kama ni lile la kikombe anisamehe, mimi ni mtoto wake.

Alinipigapiga gotini. Sasa tulikuwa peke yetu na alisema kwa lugha yetu, taratibu, kama mtu anayekataa chakula bila kumuudhi mpishi.

"Nyumba yako ni nzuri sana, nyakwara. Ingekuwa zamani ningekaa. Lakini mimi nimeshastaafu."

Akafungua mlango wa gari, akashusha mguu mzima kwanza, kisha ule uliovimba. Nilizunguka upesi nimshike mkono, akanipa mfuko nibebe.