Mguse, Kisha Uende

Baba alipolazwa hospitali mjini Moshi kwa homa ya mapafu, nilikuwa kidato cha pili, na kwa ukoo wetu wote kule Machame hiyo ilitosha kuniita mjuzi wa Kiingereza. Kusema kweli nilijua cha kitabuni tu. Enzi zile za Ujamaa shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo la kukariri.

Mama alikuja na kitenge cha kutandika sakafuni. Kifo chenyewe hakukiogopa kama alivyoogopa baba afe bila mtu wa kwao kumshika mkono. Alikwishaniambia kwamba hatoki pale mpaka ijulikane moja.

Alasiri daktari alitukuta kando ya kitanda. Alikuwa Mzungu, mgeni nchini, na muuguzi aliyezoea kumtafsiria alikuwa ameitwa wodi nyingine. Alimtazama baba, akanitazama mimi na sare yangu ya shule, akasema polepole, "It's touch and go." Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Maneno yenyewe niliyajua yote. Gusa. Nenda. Mama aliponiuliza kwa Kichagga, nilimjibu bila kusita.

"Anasema umguse, kisha uende."

Mama alikitazama kitenge chake. Lakini hakuwa mtu wa kubishana na daktari. Akamwekea baba mkono kwenye paji la uso, akakaa hivyo kitambo, na baba akafumbua macho. Tulipanda basi la jioni, tukawahi kumkatia ng'ombe majani. Baba alifariki kabla hapajakucha, peke yake.

Msibani majirani walimwambia mama apige moyo konde, na hakuna aliyekunja ngumi. Lugha ya namna hiyo tunayo, kila mtoto anaijua. Haikunipitia akilini kwamba na Wazungu wanayo.

Nilipofika kidato cha nne, mwalimu wa Kiingereza alituandikia misemo ubaoni, na ule ulikuwemo. Akaeleza kwamba husemwa mtu akiwa mahututi, hajulikani ni wa kufa au wa kupona. Wenzangu wakanakili. Mimi nilikichukia Kiingereza siku ile, na sioni kama nilikionea. Lugha gani hiyo inayomwambia mwanamke kuwa mumewe anakata roho, kwa maneno ya watoto wanaokimbizana uwanjani?

Likizo ilipofika nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi za mtori. Nilimweleza alichokuwa amesema daktari, na maana yake, na nilivyoigeuza mimi. Nilitaka anigombeze. Aliendelea kumenya, nikadhani hakunisikia.

"Kumbe hakusema niende," alisema mwishowe.